Kuchagua zizi la farasi la kujifunzia na kukodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaonijia kabla ya kuanza kujifunza kupanda farasi huuliza karibu mambo yaleyale, na wengi huanza na ada. Ada ina nafasi yake, ila mimi huiweka ya tatu au ya nne. Lango linaweza kupakwa rangi mpya na mwenye zizi akawa na maneno matamu, lakini mwili wa farasi hausemi uongo. Kwa hiyo majibu yangu yanaanzia kwa farasi, yanapita kwa mwalimu, ndipo yafike kwenye karatasi za mkataba.

Sijawahi hata kumgusa farasi. Nianzie wapi?

Anza kwa kutembelea, usianze kwa kulipa. Piga simu, omba kuja kutazama somo la wanaoanza, na siku hiyo usipande kabisa. Fika mapema umwone farasi akitolewa bandani na kutandikwa, kisha ubaki hadi mwisho. Watu wengi huondoka somo likiisha, kumbe hapo ndipo penye mengi ya kuona. Nani anamlegezea mkanda wa tandiko? Nani anamtembeza polepole mpaka pumzi zitulie? Anapewa maji na kusuguliwa jasho la mgongoni, au anafungwa nguzoni juani na tandiko lake, akimngoja mwanafunzi anayefuata?

Tembelea mazizi mawili au matatu kabla ya kuamua. Ukiambiwa usiingie mabandani bila mtu wa kukusindikiza, hilo ni jambo la usalama na wana haki nalo. Ukiambiwa wageni hawaruhusiwi kutazama masomo, nenda kwingine.

Sijui lolote kuhusu farasi. Nitajuaje kama wanatunzwa vizuri?

Utajua zaidi ya unavyodhani, maana dalili nyingi zinaonekana kwa macho na nyingine unazipata kwa kiganja.

Anza na mbavu. Farasi mwenye afya, mbavu zake hazihesabiki kwa mbali, lakini ukimpitishia kiganja ubavuni unazihisi bila kubonyeza. Mwaka 1983 Don Henneke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walitoa kipimo cha hali ya mwili chenye alama 1 hadi 9: 1 ni mifupa mitupu, 9 ni mafuta yaliyopita kiasi. Farasi wa mafunzo anapaswa kuwa karibu na 5. Ukimwona mmoja mwembamba usikimbilie kulilaumu zizi. Huenda ni mzee, au aliletwa juzi akiwa hoi. Uliza habari zake. Wakiwa wembamba wote, umeshajibiwa.

Kisha tazama mahali tandiko linapokaa. Pale shingo inapokutana na mgongo, kwenye ile nundu ya mabega, farasi aliyewahi kuvaa tandiko lisilomfaa huota mabaka ya nywele nyeupe. Hayo ni makovu: ngozi iliumia na nywele zikarudi bila rangi. Baka moja la zamani linaweza kuwa alikuja nalo kutoka kwa mwenyewe wa kwanza. Mabaka kwa farasi watano wa zizi moja, au kidonda kibichi nyuma ya kiwiko mahali mkanda unapopita, hiyo ni kazi ya zizi hilo. Angalia pia pembe za mdomo, pale lijamu linapokaa. Zisiwe zimechanika wala kuota sugu.

Chungulia na hori. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10 za majani makavu kwa siku. Tumbo lake ni dogo kuliko mwili unavyoonyesha, nalo linatoa tindikali usiku na mchana hata likiwa tupu. Ameumbwa kula kidogokidogo karibu siku nzima, na chakula kikimkataa hawezi kutapika. Ndiyo maana ukipita saa sita mchana ukakuta mahori yote matupu na farasi wanaguguna mbao za milango, inafaa uulize wanalishwa saa ngapi. Maji yawepo wakati wote, na ndoo isiwe na utelezi wa kijani ndani. Farasi mmoja hunywa lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au kazi nzito.

Kuna kipimo kimoja ambacho siachi kukifanya. Chuchumaa mlangoni pa banda, pua yako iwe usawa wa goti, uvute pumzi. Ukiwa umesimama huenda usinuse kitu. Ukichuchumaa, maranda yaliyolowa mkojo yatakuwasha macho, na hapo chini ndipo farasi anapoweka pua yake akila majani yaliyoanguka na anapolaza kichwa usiku.

Nilipokuwa mwanafunzi kulikuwa na farasi jike mmoja wa kahawia. Kila alipofungwa mkanda aligeuza shingo, masikio yamelala nyuma, akauma hewa karibu na bega la mtu. Tuliambiwa ana kisirani, tukafundishwa kumshika hatamu kwa nguvu, na mimi nilimshika hivyo kwa miezi. Siku moja mwalimu mgeni alijaribu kupitisha vidole chini ya tandiko lake pale mabegani. Hata kimoja hakikupita. Lilikuwa jembamba, linambana kama kiatu kidogo. Alipowekewa jingine pana, ndani ya wiki chache aliacha kuuma. Inaniuma mpaka leo kwamba alikuwa anatwambia na sisi tulikuwa tunamwadhibu. Tangu hapo nikisikia farasi fulani wa mafunzo "ana tabia mbaya", swali langu ni nani alimkagua mgongo, na lini.

Farasi anayechechemea nitamtambuaje?

Omba akimbizwe mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, kwa mstari ulionyooka, nawe umkazie macho kichwani. Mguu wa mbele wenye maumivu unapokanyaga, kichwa huinuka. Mguu mzima unapokanyaga, kichwa hushuka. Farasi asiye na tatizo hukishikilia kichwa karibu palepale. Miguu ya nyuma ni migumu zaidi kuisoma, mwachie daktari wa mifugo.

Niombe kuona kumbukumbu zipi?

Chanjo, na hasa ya pepopunda, kwa sababu farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa na ugonjwa huo kwa urahisi zaidi. Tarehe za fundi wa kwato: kila wiki 6 hadi 8, hata kwa wasiovaa viatu vya chuma. Meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, maana meno ya farasi huendelea kuchomoza miaka mingi na yakisagika vibaya huacha ncha kali zinazokata mashavu. Dawa ya minyoo pia. Zizi zuri lina daftari la mambo haya na halioni haya kukufunulia.

Farasi mmoja afundishe kwa saa ngapi kwa siku?

Mimi sipendi kuona farasi akizidi saa mbili au tatu za kazi chini ya wanaoanza, nataka kuwe na mapumziko katikati na siku moja nzima kwa wiki bila tandiko. Mwanafunzi mpya hukaa kwa kuyumba, huvuta hatamu ovyo, humgonga mgongo kila hatua. Ni kazi ya kuchosha mwili na ya kuchosha akili pia. Farasi aliyechoka namna hiyo hufa ganzi: ukimgusa kwa mguu hajibu, anapigwa, anajibu kidogo, kesho anapigwa zaidi. Ukiona wanafunzi wote wamepewa fimbo siku ya kwanza, hesabu farasi waliopo na hesabu wanafunzi.

Mwalimu mzuri anatambulikaje?

Vyeti vina maana. Uingereza, kwa mfano, British Horse Society, iliyoanzishwa mwaka 1947, hutahini walimu kwa madaraja, na Marekani kuna Certified Horsemanship Association. Muulize mwalimu amefuzu wapi na kama ana mafunzo ya huduma ya kwanza yasiyopitwa na wakati. Asiyekuwa na cheti chochote anaweza kuwa fundi hodari kuliko wengi, lakini basi mzigo wa kumchunguza ni wako wewe.

Zaidi ya cheti, simama umtazame akifanya kazi. Anakagua mkanda kabla mwanafunzi hajapanda, na anaukagua tena baada ya dakika chache, kwa sababu farasi wengi hujaza kifua pumzi wakati wa kufungwa na mkanda hulegea baadaye? Huo ni ukaguzi wa sekunde tano, na kwangu ndio unaotenganisha mwalimu makini na asiye makini. Anarekebisha kosa moja kwa wakati, au anamiminia mtoto maagizo sita kwa pumzi moja? Anaeleza sababu? "Shusha kisigino" ni agizo. "Shusha kisigino ili mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukianguka" ni somo. Na simu yake iko wapi muda huo wote?

Anayepiga kelele uwanjani nampita. Kuna wanaosema mwalimu mkali ndiye anayefundisha. Ukali wa kushikilia kanuni naukubali kwa moyo mmoja, ila sauti ya kutisha humfanya mwanafunzi akaze mapaja na farasi akaze mgongo, na hapo hakuna anayejifunza kitu.

Somo la kwanza linakuwaje?

Sehemu kubwa inapaswa kuwa chini, ukiwa kwa miguu. Utafundishwa kumkaribia farasi upande wa bega huku ukimsemesha, kwa kuwa macho yake yako pembeni na haoni kitu kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele ya paji lake karibu sana. Utampiga brashi, utamwongoza kwa kamba, utaona saisi, yaani mtunza farasi, akimtandika. Ukipanda, mwalimu atamshikilia kwa kamba ndefu akimzungusha kwenye duara, nawe utajifunza kukaa bila kushughulika na hatamu. Mwendo wa kutembea, pengine mchakamchaka kidogo. Dakika 30 hadi 45 zinatosha, na kesho yake mapaja yatakukumbusha. Zizi linalokupeleka shoti siku ya kwanza ili ufurahi linaichezea shingo yako.

Nivae nini?

Helmeti ya kupandia farasi iliyopimwa kwa viwango kama ASTM F1163, PAS 015 au VG1. Alama huwa imeandikwa ndani. Helmeti ya baiskeli haifai, imeundwa kwa maanguko ya namna nyingine. Ukianguka ukagonga kichwa, helmeti hiyo imemaliza kazi yake hata kama haina ufa, na hata isipogongwa wengi huibadilisha baada ya miaka 5 hivi. Mazizi mengi huazima helmeti, nawe uliza za kwao zina umri gani.

Miguuni vaa kiatu kilichofungwa chenye kisigino kifupi, kinachozuia mguu usiteleze na kunasa kwenye kikuku. Suruali ndefu isiyo na mshono mnene kwa ndani. Vito, skafu inayoning'inia na mifuko ya begani viache nyumbani.

Uzito na umri vina mipaka?

Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 500 abebe jumla ya kilo 100. Tandiko likiwa kilo 10, mpandaji anabaki na 90. Umbo la farasi, umri wake na usawa wa mpandaji hubadilisha hesabu kidogo, ila zizi lisilokuuliza uzito wako kabisa halijamfikiria farasi. Ukiulizwa usione umevunjiwa heshima. Kama hawana farasi wa kukutosha wakakwambia hivyo, wamekutendea haki wewe na mnyama.

Kwa watoto, mazizi mengi huanza wakiwa kati ya miaka 5 na 7. Kinachoamua ni kama mtoto anaweza kusikiliza maelekezo na kushika mwili wake sawa. Tafuta zizi lenye farasi wadogo wa kimo chao, maana mtoto ambaye miguu yake haifiki chini ya tandiko hajifunzi kuutumia mguu. Ukubwani hakuna mpaka. Nina wanafunzi walioanza baada ya kustaafu.

Somo la peke yangu au la kikundi?

Masomo ya mwanzo chukua ya peke yako kama mfuko unaruhusu. Ukishaweza kusimamisha na kugeuza farasi bila msaada, kikundi cha watu wanne hivi kinafaa, kwa sababu unajifunza pia kwa kutazama wenzako. Wakizidi sita chini ya mwalimu mmoja, wanaoanza huwa wameachwa kwa farasi wawafundishe.

Naweza kujifunza mazizi mawili kwa wakati mmoja?

Mwaka wa kwanza, hapana. Wahenga walishasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na hapa neno lao linakaa vilevile lilivyo. Mmoja atakwambia ukae nyuma, mwingine uinamie mbele kidogo, wote wana sababu zao, na wewe bado huna mwili unaojua kuchagua.

Kukodi farasi kuna aina gani?

Kukodi kikamilifu kunakupa farasi siku zote za mkataba, na kwa kawaida gharama zote za kumtunza zinakuangukia wewe. Kukodi nusu, ambako ndiko kunakowafaa wengi, kunakupa siku zako kadhaa kwa wiki. Siku nyingine anapanda mwenye farasi au mkodi mwenzako, na gharama mnagawana. Kuna kukodi bila ada, pale mwenye farasi anapotaka tu mtu wa kumtunza na kulipia matunzo. Watu husikia "bila ada" wakadhani ni bure. Majani, kwato na daktari havijawahi kuwa bure. Na kuna kukodi kwenye haki ya kununua baadaye, ambako bei inapaswa kuandikwa siku ya kwanza.

Farasi anaweza kubaki zizini kwao au kuhamia kwako. Kwa mara ya kwanza, abaki. Utakuwa na watu wanaomjua farasi huyo karibu nawe siku ukimkuta hataki kula na anautazama ubavu wake.

Niko tayari kukodi lini?

Ukiweza kumkamata malishoni, kumtandika, kumpanda kwa kutembea, mchakamchaka na shoti fupi, na kumrudisha bandani bila mtu kukusimamia. Mwulize mwalimu wako waziwazi, halafu usimkasirikie akisema bado. Jiulize na hili: siku za mvua, siku umechoka na kazi, utakwenda? Farasi uliyemkodi anahitaji kutembea hata siku ambayo wewe huna hamu.

Nimjaribuje farasi kabla ya kumkodi?

Mwenye farasi au saisi ampande kwanza, wewe ukitazama. Wakikataa wote kumpanda, nawe usimpande. Omba umkute hajatandikwa, kwa kuwa farasi aliyetolewa jasho kabla hujafika anaficha mengi. Mjaribu mara tatu kwa siku tofauti, moja ikiwa na kelele na shughuli zizini. Kama unamkodi kwa miezi mingi, mlipe daktari wa mifugo asiye wa mwenye farasi amkague macho, moyo, mapafu na miguu.

Mkataba wa kukodi uwe na nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari, nami nililipia fundisho hilo. Farasi wa kwanza niliyemkodi nilimkodi kwa maneno ya mdomo, tukapeana mikono tukicheka. Wiki ya tatu akaanza kuchechemea. Mwenyewe akasema nimemuumiza. Mimi niliamini alikuja na tatizo lake. Hatukuwa na picha, hatukuwa na ripoti ya daktari, hatukuwa na mstari mmoja ulioandikwa. Nililipa nusu ya matibabu na ada ya mwezi mzima ambao sikumpanda hata siku moja, na urafiki ukaishia hapo.

Andikeni siku zako ni zipi na kama siku ya mvua inafidiwa. Andikeni nani analipa fundi wa kwato, chanjo na meno, na nani analipa dharura, kwa sababu tumbo likimsokota farasi usiku anaweza kuhitaji upasuaji, na saa ile si saa ya kubishana. Kiwango cha matibabu ambacho daktari anaweza kuanza bila kumpata mwenyewe kwenye simu kiwemo, pamoja na namba ya mtu wa pili. Nani mwingine anaruhusiwa kumpanda? Unaweza kumrusha viunzi, na vya urefu gani? Unaweza kumtoa nje ya zizi? Akiumia asipandike, ada inaendelea, inapungua au inasimama? Bima ipo kwa jina la nani? Mkataba unavunjwa kwa notisi ya siku ngapi? Siku 30 ni za kawaida. Na je, mwenyewe anaweza kumuuza mkataba ukiwa hai? Kifungu hiki husahaulika sana, halafu mtu anafika Jumamosi anakuta banda tupu.

Siku ya kukabidhiwa, mpige picha pande zote nne, kila mguu kwa karibu, kila kovu, na tandiko lake juu na chini. Wekeni tarehe na sahihi pande zote mbili.

Zizi linataka nisaini karatasi ya kutodai chochote nikiumia. Nisaini?

Karibu kila zizi linayo, kwa kuwa farasi hata mpole anaweza kushtuka. Isome yote. Nguvu yake hutofautiana kwa sheria za kila nchi, na penye mashaka mwone wakili. Uliza pia kama zizi lina bima ya madai ya watu, uone cheti chake.

Tayari nasoma mahali fulani na moyo umeanza kusita. Nihame?

Orodhesha ulichokiona kwa macho yako, na tarehe. Zungumza na mwalimu kwanza. Mambo mengine hurekebishika kwa mazungumzo. Ila farasi mwenye kidonda kutandikwa, mtoto kupandishwa bila helmeti, au sigara kuwashwa karibu na ghala la majani makavu, hayo hayangoji kikao.

Mkataba ukiisha, naweza kurudi kumwona farasi?

Muulize mwenyewe, wengi hukubali kwa furaha. Piga simu kabla, na usije na karoti mfukoni bila kuuliza, huenda mlo wake umebadilishwa. Simama pembeni ya malisho umwite kama ulivyozoea kumwita. Akiwa anakula majani mazuri anaweza asije, nawe mtazame tu mgongo, mbavu na kwato. Ukiona yu mzima, rudi nyumbani kwa amani.